Namna ya kuchagua kilainishi na kukitumia bila kujiumiza

Wanaokuja kwenye dirisha la dawa kuulizia kilainishi, yaani jeli ya kupunguza msuguano wakati wa tendo la ndoa, huwa na mtindo mmoja: wanashusha sauti, wanaulizia kwanza dawa ya kikohozi, kisha wanachukua chupa yoyote iliyo karibu na kuondoka haraka. Haya ndiyo maelezo ambayo ningewapa kama wangesubiri kidogo.

Kabla ya yote, ukavu si kipimo cha mapenzi. Kunyonyesha, kukoma hedhi, dawa za mzio, baadhi ya dawa za sonona na matibabu ya saratani hupunguza ute hata kama hamu ipo tele. Wengine hawana tatizo lolote, wanataka tu tendo liende kwa ulaini zaidi. Hiyo nayo ni sababu ya kutosha.

Hatua ya 1: Anza na kondomu, chupa baadaye

Jiulize kilainishi kitagusana na nini. Kondomu nyingi za kiume ni za lateksi, aina ya mpira, na lateksi haielewani na mafuta. Mafuta ya mgando, losheni ya mwili, mafuta ya nazi, ya kupikia, ya watoto, yote yanaidhoofisha. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mafuta ya madini yakikaa juu ya lateksi kwa dakika moja tu, nguvu yake nyingi imeshapotea. Ubaya ni kwamba kwa macho huoni kitu. Kondomu inaonekana nzima, mnaendelea, kisha inapasuka.

Kondomu ya kike ya nitrili na zile za poliyurethani zinastahimili mafuta. Za poliaisoprini, ambazo hununuliwa na wenye mzio wa lateksi, hazistahimili. Pakiti huandika imetengenezwa kwa nini, kwa hiyo isome.

Kwa kondomu ya lateksi, basi, zimebaki aina mbili. Kilainishi cha maji kinafaa kwa kondomu zote na vifaa vyote, na kinaoshwa kirahisi, ila kinakauka mapema. Cha silikoni kinadumu sana na hakiondoki hata mkiwa ndani ya maji, lakini kinaharibu vifaa vilivyotengenezwa kwa silikoni, na kikimwagika sakafuni mtu ataanguka. Nisemayo ninayajua.

Hatua ya 2: Geuza chupa usome nyuma

Mbele ya chupa ni matangazo. Habari yenyewe iko nyuma, kwa herufi ndogo, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Kinachoangaliwa kwanza ni osmolaliti, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani ya jeli. Kilainishi cha maji chenye glisirini au propilini glaikoli nyingi kinavuta maji kutoka kwenye seli za uke au za njia ya haja kubwa. Seli zinanyauka na kubanduka, utando unabaki na michubuko usiyoiona, na vijidudu vinapata pa kupitia. Ute wa kawaida wa uke una osmolaliti isiyofika 300 (kwa kipimo cha miliosmoli kwa kilo). Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake wa mwaka 2012, lilisema inafaa isizidi 380, na kwa kuwa bidhaa nyingi sokoni zilikuwa juu mno, likakubali hadi 1,200 kwa muda. Zipo zinazopita hata hapo.

Namba hiyo mara nyingi haiandikwi. Tumia ujanja huu: viambato kwa kawaida huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta glisirini inafuata moja kwa moja baada ya maji, irudishe chupa mahali pake. Shirika hilohilo limeweka mpaka wa glaikoli zote kwa jumla, glisirini ikiwemo, usizidi asilimia 8.3 ya uzito.

Kisha tazama pH, yaani kipimo cha asidi. Kwa uke tafuta iliyo karibu na 4.5, kwa sababu uke wenye afya una asidi na asidi hiyo ndiyo ulinzi wake. Kwa njia ya haja kubwa ni kati ya 5.5 na 7.

Nonoksinoli-9, ukiikuta kwenye orodha hiyo, ni dawa ya kuua mbegu za kiume. Haikingi VVU, na ikitumiwa mara kwa mara inachubua kiasi cha kuongeza hatari ya kuambukizwa. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, inaua hata bakteria wazuri wa ukeni. Vyenye ladha, manukato au vinavyoahidi "joto" huwasha watu wengi. Vya kutia ganzi sivipendi kabisa: maumivu yanakuambia usimame, na ukiyanyamazisha utajua umeumia kesho yake.

Mnaotafuta mimba, jueni kwamba vilainishi vingi, pamoja na mate, hupunguza mwendo wa mbegu. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili yenu na pakiti husema hivyo.

Hatua ya 3: Kijaribu mkononi

Paka tone upande wa ndani wa mkono, usubiri saa 24. Kikiwasha au kikileta upele, usikipeleke kwingine.

Hatua ya 4: Kukitumia

Nawa mikono. Mimina kiasi cha kijiko cha chai kiganjani, kisugue kidogo kipoteze ubaridi, kisha paka kwako na kwa mwenzi wako kabla ya kuanza. Wengi husubiri mpaka waanze kuumia ndipo wapake, na wakati huo ngozi imeshachubuka.

Kwa kondomu, weka tone moja tu ndani ya ncha kabla ya kuvaa. Likizidi, kondomu itachomoka. Kingine chote kinapakwa nje, baada ya kuvaa. Kondomu mbili kwa pamoja hapana, zinasuguana na kupasuka.

Cha maji kikianza kunata, ongeza kwanza matone machache ya maji safi, mara nyingi kinarudi kuteleza. Kisipotosha ndipo uongeze kilainishi. Mate yasiwe mbadala, yanakauka upesi na yanaweza kubeba maambukizi ya mdomoni au kooni.

Njia ya haja kubwa haitoi ute wa kurahisisha tendo, na utando wake wa ndani una safu moja tu ya seli. Hapo chagua kizito, jeli nzito ya maji au silikoni, na uweke kingi kuliko unavyodhani kinatosha. Nendeni polepole, mkiongeza kila baada ya muda. Mkihamia ukeni, vaeni kondomu mpya.

Hatua ya 5: Baadaye

Osha nje kwa maji. Silikoni itahitaji sabuni isiyo kali, nje tu. Ndani ya uke hapaoshwi, panajisafisha penyewe. Mdomo wa chupa usigusane na mwili, na tarehe ikipita itupe hata kama imejaa.

Kama ukavu unakusumbua hata siku zisizo na tendo, kilainishi si jibu lake. Zipo jeli za kutunza unyevu zinazowekwa kila baada ya siku 2 au 3, na kwa waliokoma hedhi ipo krimu ya estrojeni ambayo daktari anaweza kuandika. Muone daktari pia kama maumivu hayapungui hata kwa kilainishi kizuri, au ute umebadilika harufu, au damu inatoka baada ya tendo. Aliyekoma hedhi akaona damu, hata tone, aende wiki hiyohiyo.