Kupima namna molekuli inavyoshika kipokezi cha estrojeni kwa maikroarei ya protini, hatua kwa hatua

Kioo changu cha kwanza cha maikroarei kiliharibika mwezi wa Aprili, masika ikiwa imelishika jiji la Dar es Salaam. Nilikitoa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nikachana pakiti palepale, na kabla sijashika pipeti umande ulishatanda juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Madoa ya protini yakalowa, yakatambaa, yakaungana. Maelekezo niliyokuwa nayo hayakuligusa kabisa jambo hilo. Ndiyo maana humu nazieleza kwa urefu hatua ambazo hali ya hewa yetu inazibadilisha, na zile za kawaida nazipita haraka.

Maikroarei ya protini ni kioo cha hadubini, takriban sentimita 2.5 kwa 7.5, kilichodondoshewa vitone vidogo mno vya protini au vipande vyake. Kila doa lina upana wa maikromita 100 hadi 200 hivi. Mwaka 2000 Gavin MacBeath na Stuart Schreiber walionyesha kwamba kioo kimoja kinaweza kubeba madoa zaidi ya 10,000 na protini zikabaki na uwezo wake wa kushikana.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, elewa unachokipima. Kipokezi cha estrojeni alfa, protini ya seli inayopokea homoni ya estrojeni, ni mnyororo wa asidi amino 595, na sehemu inayopokea homoni ni kama chungu chenye mfuniko. Estradioli, estrojeni ya asili, ikiingia, mfuniko, yaani hiliksi (msokoto) ya 12, hufunga vizuri, na pembeni yake hutokea kijibonde ambamo protini saidizi hukaa. Protini hizo hujitambulisha kwa mpangilio uitwao LXXLL: L ni asidi amino iitwayo lusini, X ni asidi amino yoyote. Hidroksitamoksifeni, zao la dawa ya tamoksifeni inayozuia estrojeni, nayo huingia katika chungu hichohicho na kushika kwa nguvu, ila ina mkia mrefu unaotokeza nje. Mfuniko haufungi; unasukumwa hadi unalala juu ya kijibonde chenyewe. Molekuli mbili, chungu kimoja, matokeo yanayopingana. Kwa hiyo kuna maswali mawili: je, molekuli yako inashika? Na ikishika, inakipa kipokezi umbo gani? Njia ninayoieleza hapa hujibu la pili moja kwa moja, na la kwanza kwa kuzunguka kidogo.

Hatua ya 1: Panga madoa

Chapa vipande vya protini saidizi vyenye LXXLL, kwa mfano kutoka SRC-1, SRC-2 na SRC-3. Kwa kila kipande chapa pacha wake ambaye lusini zake zimebadilishwa kuwa asidi amino nyingine, alanini. Pacha huyo hapaswi kushika kipokezi, na kwangu ndiye shahidi muhimu kuliko wote kwenye kioo. Ongeza madoa ya albumini, protini ambayo kipokezi hakipaswi kuishika, na madoa ya GST, protini tutakayoitumia kama alama ya kipokezi katika hatua ya 5. Rudia kila doa mara nne, ukiyatawanya. Ukiyaweka jirani, kasoro ya kona moja itayaharibu yote.

Hatua ya 2: Chapa

Kwa vioo vilivyopakwa epoksi, kemikali inayonasa protini, tumia bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) ya fosfeti. Usitumie bafa ya Tris, kwa kuwa ina kundi la amino linalogombania nafasi na protini yako. Weka gliseroli hadi asilimia 40 ili kitone kisikauke. Unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 50 na 60. Kwetu tatizo si ukavu: wakati wa masika unyevu huzidi sana, kwa hiyo kiyoyozi pekee hakitoshi, tafuta na mashine ya kupunguza unyevu. Nikiweza kuchagua, huchapa wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Unganisha kichapishi na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya safu, madoa ya mwanzo na ya mwisho hayatalingana tena. Acha vioo vipumzike usiku kucha, kisha ziba nafasi tupu kwa albumini ya asilimia 1 kwa saa moja.

Hatua ya 3: Hifadhi, na ufungue kwa subira

Funga kila kioo peke yake pamoja na kifuko cha silika. Siku ya kazi kitoe kwenye friza, kiweke mezani kikiwa bado kimefungwa, usikiguse kwa nusu saa. Pakiti ikishalingana na joto la chumba ndipo uifungue.

Hatua ya 4: Andaa molekuli

Steroidi nyingi, yaani jamii ya estradioli, haziyeyuki vizuri majini, kwa hiyo tunatumia kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO hunyonya maji hewani bila kuchoka. Chupa ikiachwa wazi katika chumba chetu, baada ya muda huna tena ukolezi ulioandika kwenye lebo. Gawa katika vichupa vidogo, kila kimoja cha siku moja.

Vichupa hivyo viwe vya kioo. Steroidi huganda kwenye kuta za plastiki, na plastiki nayo inaweza kutoa kemikali zake. Mwaka 1991 ilielezwa kwamba nonilifenoli ilitoka kwenye mirija ya sentrifuji ikafanya kazi ya estrojeni. Mwaka 1993 bisfenoli A ikapatikana kwenye maji yaliyochemshwa kwa mvuke ndani ya chupa za polikabonati. Watafiti wa visa vyote viwili walikuwa wakitafuta kitu kingine.

Andaa ngazi ya ukolezi kutoka pikomola 1 hadi maikromola 10. Asilimia ya DMSO iwe ileile katika mirija yote, pamoja na ule usio na molekuli.

Hatua ya 5: Changanya na umwagie

Changanya molekuli na sehemu ya kipokezi inayopokea homoni, yenye alama ya GST, ndani ya bafa baridi. Wape muda wa kutulia. Zingatia ukolezi wa kipokezi: estradioli hukishika kwa chini ya nanomola 1, lakini ukiweka kipokezi nanomola 10, hutaona nusu ya kilele cha mwanga chini ya nanomola 5 hata molekuli iwe na nguvu kiasi gani. Hapo unahesabu kipokezi chako, hupimi mshiko.

Mwagia kioo, kisha weka kingamwili inayoshika GST, yenye rangi ing'aayo ya Alexa Fluor 647. Osha mara tatu kwa bafa baridi yenye sabuni laini ya Tween 20 asilimia 0.05, haraka, kwa kuwa mshiko wa kipokezi na LXXLL ni hafifu na huachia. Kausha kwa sentrifuji.

Hatua ya 6: Skani

Tumia leza nyekundu. Doa lolote lililofika 65,535, kikomo cha namba za skana, limejaa, halina habari. Punguza nguvu, uskani vioo vyote upya kwa mpangilio mmoja.

Hatua ya 7: Soma madoa

Toa mwanga wa pembeni, chukua thamani ya kati (mediani) ya marudio manne, linganisha na kioo cha DMSO tupu. Programu ya R ni ya bure na inachora vizuri mkunjo wa mwanga dhidi ya ukolezi.

Estradioli itapandisha madoa ya LXXLL, hidroksitamoksifeni itayashusha, pacha wa alanini atabaki giza. Pacha akiwaka, simama. Wenzangu wengi huniletea maji ya magome ya miti ya dawa, na magome yana tanini, ambayo hugandisha protini ovyo. Niliwahi kupima dondoo moja lililowasha kioo kizima, na mwanafunzi aliyelileta alikuwa ameshaanza kuandika matokeo. Pacha alikuwa anawaka kuliko LXXLL yenyewe. Tuliichuja tanini kwanza, tukarudia, mwanga ukatoweka wote.

Na molekuli isiyobadilisha doa lolote? Usiitupe. Rudia ukiwa umeongeza estradioli ya kutosha kufikisha asilimia 80 ya kilele. Mwanga ukishuka kadiri molekuli yako inavyoongezeka, na madoa ya GST yasishuke, basi huenda imo ndani ya chungu, inaisukuma estradioli. Hapo peleka sampuli ikapimwe kwa estradioli yenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye mnururisho.