Jinsi ya kuomba pesa za kuondoa mazutu (dizeli) bandarini: njia ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, kutoka Lubumbashi hadi Kalemie

Hapa Lubumbashi, ukitaja bandari isiyoongeza hewa ukaa, wengi wanafikiria Durban au Dar es Salaam, kule shaba yetu inakopakiwa melini. Lakini reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, inayopita hapa kwetu inafika pia Kalemie, na Kalemie kuna gati, kreni, maghala na meli za Ziwa Tanganyika. Pesa za kubadilisha mashini za huko zinaweza kuombwa. Mlango ninaoujua ni Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioamuliwa Cancún mwaka 2010 na wenye makao Songdo, Korea Kusini. Ninawaandikia wasimamizi wa bandari, vyama vya wenye boti, na wote wanaoombwa "tuandikie faili".

Kabla ya barua, kaye

Fungua kaye, yaani daftari, ya mazutu leo, na uiandike miezi 12 bila kuruka siku. Mistari minne inatosha: tarehe, mashini, litri, saa ilizofanya kazi. Mlinzi wa stoo ndiye aishike, kwa sababu ndiye anayefungua pipa. Kaye nzuri niliyowahi kuona ilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta kila ukurasa, na mahali pamoja palikuwa pameandikwa "gurupu, litri 40, kura ilikatika saa nne" (gurupu ni jenereta, kura ni umeme). Mstari huo una thamani kuliko kurasa tano za maneno mazuri: unaonyesha kiasi kilichochomwa, na sababu yake.

Litri moja ya mazutu ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuseme gurupu inakunywa litri 40 kila siku: kwa mwaka ni litri 14,600, yaani takribani tani 39. Fanya hesabu hiyo kwa kila mashini, kisha tenganisha mafungu matatu: mazutu inayochomwa na bandari yenyewe, umeme inaonunua, na moshi wa wengine kama meli na malori. Usiyachanganye. Anayesoma faili atauliza kwanza ni fungu lipi lililo mikononi mwako.

Chagua mashini chache

Kreni na forklifti za umeme, taa za LED, paneli za jua zenye betri, na waya wa gatini ambao meli inachomeka ili izime mashini yake inapolala bandarini. Waya huo si ndoto. Gothenburg, Uswidi, walianza kuutumia kwa umeme wa nguvu kubwa mwaka 2000. Sisi tuna hoja ambayo bandari nyingi za dunia hazina: karibu umeme wote wa mtandao wa Kongo unatoka kwenye maji, na Kalemie inategemea mtambo wa maji wa Bendera. Kreni ya umeme kwetu haihamishi moshi kutoka gatini kwenda kwenye mtambo wa makaa. Weka hoja hiyo ukurasa wa kwanza, kisha useme wazi kwamba kura inakatika na ndiyo sababu unaomba betri. Ukificha hilo, mafundi watakaokagua wataligundua wenyewe.

Jambo jingine la Kalemie: ziwa limepanda miaka hii na maji yamevamia maeneo ya ufukweni. Chora transfoma na betri mahali pa juu, na uandike urefu wake katika mchoro.

Nani anapeleka ombi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Bandari haitumi ombi moja kwa moja Songdo. Ombi linapelekwa na taasisi iliyoidhinishwa na Mfuko. Miongoni mwake ni Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Andikia mbili au tatu, barua ya ukurasa mmoja, na uambatanishe muhtasari wa kaye.

Wakati huohuo andikia mamlaka ya nchi inayowakilisha Kongo mbele ya Mfuko, Kinshasa, upande wa wizara ya mazingira. Unachohitaji kutoka kwao ni barua ya kutopinga, yaani ya kusema nchi haina pingamizi na mradi. Bila hiyo mradi hauendi mbele ya Bodi ya Mfuko. Onyesha mradi unavyoingia katika ahadi ya nchi ya 2021, ya kupunguza hewa chafu kwa asilimia 21 kufikia 2030, ambamo asilimia 19 zinategemea msaada wa nje.

Na nakala ya mkoa? Tangu 2015 Kalemie ni makao ya mkoa wa Tanganyika, si tena chini ya Lubumbashi. Faili yetu ya kwanza tuliipitisha Lubumbashi kwa mazoea, ikakaa miezi katika biro moja, ikarudi na maneno mawili: "si kwetu". Iliniuma, maana kosa lilikuwa kwenye bahasha tu. Nakala ipelekwe Kalemie, na uombe muhuri wa kupokelewa kwenye karatasi yako.

Njia fupi

Taasisi ikikubali, mtaandika pamoja andiko fupi la wazo. Ombeni njia rahisi ya uidhinishaji: Mfuko unaweza kutoa hadi dola milioni 25, ikiwa hatari ya mradi kwa mazingira na watu ni ndogo sana au haipo. Kubadilisha mashini ndani ya eneo la bandari lililopo kunaweza kuingia humo. Kujenga gati jipya ziwani ni habari nyingine. Pesa za kuandaa mradi, hadi dola milioni 1.5, nazo zinaombwa kupitia taasisi hiyohiyo.

Masuala ya mazingira yanapitia pia Agence Congolaise de l'Environnement. Waulizeni mapema kama mradi unahitaji utafiti kamili wa athari. Elezeni mafuta machafu ya mashini za zamani na betri zilizokufa zitakwenda wapi. Ziwa hilo tunalinywa, na tunaligawana na Burundi, Tanzania na Zambia.

Baada ya hapo jopo huru la wataalamu linapima ombi, na Bodi inaamua. Vigezo ni sita, na kimoja ni mahitaji ya wanaofaidika. Andikeni habari za wapakiaji wanaobeba magunia kando ya bomba la moshi, na idadi yao kwa zamu.

Bodi ikikubali, bado kuna mkataba wa kusaini kati ya Mfuko na taasisi kabla dola ya kwanza haijatoka. Kaye isifungwe wakati huo. Ripoti za kila mwaka zitadai namba zilezile: tarehe, mashini, litri, saa.