Kumuuguza mama kwa mkono uliovimba

Mimi niliondolewa titi la kushoto na tezi za kwapani. Tangu hapo mkono wa upande huo huvimba nikiubebesha mizigo. Sasa mama kapooza, na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asichubuke mgongo akapata vidonda.

Simnyanyui. Chini yake nimetandika shuka nililolikunja mara mbili, toka mabegani hadi mapajani. Mdogo wangu anashika upande mmoja, mimi mwingine, tunavuta kwa pamoja. Nikiwa peke yangu namwita jirani. Aibu niliimaliza wodini.

Kufua nimemwachia kaka (analalamika, lakini afue tu). Usiku nauegemeza mkono juu ya mito miwili. Nikipimwa presha au kutolewa damu, natoa wa kulia. Ukiona mkono wako uliovimba umekuwa mwekundu na una joto, nenda hospitali siku hiyohiyo.