Somo: Namna ya kufikisha haja ya kijiji katika bajeti ya kaunti, na mahali inapokwama

Kila ifikapo Mei naulizwa kwa nini maoni yetu hayaonekani katika bajeti ya kaunti. Naandika jibu lote hapa, na atakayeuliza tena nitamrejesha kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Kubalianeni juu ya jambo moja, wala si orodha ya mambo kumi.

Hatua ya 2. Lipelekeni lingali mapema, liingie katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao serikali ya kaunti hutakiwa kuuwasilisha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilijitokeza mwezi wa Mei, kamati ya bajeti ilipokuja kusikiliza maoni juu ya makadirio ya bajeti, nikiwa na barua yenye saini za majirani wapatao sitini, tukiomba zahanati yetu, ambayo ilikuwa imekwisha kuezekwa, iwekewe maji na umeme. Nilisoma barua chini ya hema, nikapigiwa makofi, na ofisa akaandika. Bajeti ilipotoka hatukuwamo. Nilipokwenda kuuliza nilifunguliwa ukurasa mmoja tu: kiwango cha juu cha fedha za idara ya afya kilikuwa kimepitishwa tangu Machi. Kiwango hicho huwekwa katika Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaofikishwa bungeni kufikia 28 Februari na kuamuliwa ndani ya siku 14. Baadaye wawakilishi wadi wakitaka kuongeza fungu katika makadirio, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huwataka wapunguze jingine kwa kiasi kilekile. Anayekuja Mei na ombi jipya basi anaomba, bila kujua, kijiji kingine kipokonywe.

Nendeni kabla Februari haijaisha. Pelekeni maandishi, na msiondoke bila nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu daftari la mahudhurio linathibitisha kwamba ulikuwapo, halithibitishi ulichosema.

Hatua ya 4. Makadirio yakifikishwa bungeni, kufikia 30 Aprili, tafuteni jina la mradi, wadi na kiasi.

Hatua ya 5. Mkinyamaziwa, ombeni taarifa chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Kiswahili kinakubalika, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21.

MASWALI

Mwanachama, Nakuru: Sikusoma yote. Nikihudhuria, watalazimika kujenga barabara yetu?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 3.

Mwanachama, Kwale: Shikamoo mwalimu. Ikiwa maoni yetu hayawafungi, Katiba ya 2010 ilitupa nini hasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza vema. Ilitupa haki ya kusikilizwa kwa dhati, na haki hiyo ina meno. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaeleza kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi iwezekanavyo, makanisani, misikitini, barazani na katika redio za lugha za kienyeji. Hata hivyo, tazama mpaka wa ushindi huo: mahakama hukagua kama mlipewa nafasi ya kweli, wala haiwachagulii wawakilishi mradi wa kujenga.

Mwanachama, Busia: Mbona unawatetea maofisa? Mikutano yenyewe ni ya kupiga picha tu.

Jibu: Siwatetei. Nimekaa katika mikutano ambako hati ya kurasa mia mbili, yote kwa Kiingereza, iligawiwa asubuhi ileile ya kutoa maoni. Nalalamikia hilo kwa maandishi kila mwaka. Wewe uliandika lini?

Mwanachama, Embu: Nyongeza ndogo. Sisi huomba mkutano usiwekwe siku ya soko, maana akina mama hawawezi kuacha bidhaa zao. Barua yenye mhuri nayo tunaipiga picha na kuituma katika kundi la WhatsApp la kijiji, ili isipotee mikononi mwa mtu mmoja.

Jibu: Asante sana, dada. Hilo la picha nitaliiga.

Mwanachama, Kwale: Na zahanati yenu, mwalimu, ilipata maji?

Jibu: Ilipata, baada ya kurudi Februari ya mwaka uliofuata. Tangi limewekwa nyuma ya chumba cha kujifungulia, na mkunga haagizi tena ndoo kwa jirani. Umeme bado, wanawake wanaojifungua usiku wanamulikiwa kwa simu. Barua ya Februari ijayo tumekwisha kuiandika.