Kuuza bastola yako Texas bila kujitafutia kesi

Kwa kuwa nafanya kazi ya mlinzi mwenye silaha hapa Houston, Mkenya au Mkongomani anayetaka kuondoa bastola nyumbani kwake hunipigia mimi. Swali ni lile lile: naweza kumuuzia rafiki tu, mkono kwa mkono? Texas, ndiyo. Jimbo halikulazimishi umpitishe mnunuzi kwenye ukaguzi wa rekodi, wala hakuna daftari la serikali la kuandikisha bunduki. Ukivuka kwenda Colorado au jimbo la Washington mambo ni mengine, huko hata rafiki lazima mpitie dukani.

Lakini sheria ya silaha ya nchi nzima, ya mwaka 1968, iko juu ya Texas. Ni kosa kumuuzia mtu aliyekatazwa silaha ikiwa unajua amekatazwa, au una sababu ya msingi ya kuamini hivyo. Mwenye hukumu ya kosa kubwa au ya kumpiga mwenzake nyumbani, hao tunawaelewa. Tunaowasahau ni watu wetu: asiye na makaratasi, na aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi daima, anaruhusiwa. Mwanafunzi wa viza ya F-1 haruhusiwi, ila wachache, kwa mfano aliye na leseni halali ya kuwinda.

Na hapo sisi tuko pabaya kuliko Mzungu anayemuuzia mtu baki. Yeye anaweza kusema hakujua. Wewe utasemaje, na kijana ni mtoto wa shangazi, mlikaa naye nyumba moja, na wewe ndiye uliyempeleka kwa wakili wa viza? Kifungo cha kosa hilo kinafika miaka 15. Kama wewe mwenyewe bado ni wa grini kadi, kuhukumiwa kwa kosa la kuuza silaha kunatosha kukurudisha kwenu. Kwa hiyo uliza makaratasi, hata kama ni aibu. Mimi huuliza.

Texas nayo ina makatazo yake. Usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Usimuuzie mtu aliyelewa, hili limeandikwa kabisa kwenye sheria ya jinai ya jimbo, kwa hiyo biashara ya bastola kwenye nyama choma ya Jumamosi, bia mkononi, iacheni.

Kaka yako akiwa Oklahoma, huwezi kumkabidhi wewe mwenyewe, hata kama ni zawadi. Bastola ipite kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lake yeye, naye aichukue pale.

Ushauri wangu ni kutumia duka hata unapomuuzia jirani. Maduka mengi ya bunduki hufanya kazi hii kwa ada ndogo, nawe piga simu kwanza uulize bei. Mnunuzi anajaza fomu ya serikali namba 4473, duka linauliza kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Mara nyingi jibu huja papo hapo, mara nyingine wanaambiwa wasubiri. Wakiambiwa hivyo, usiiache bastola kaunta ukaenda zako: ikiingia kwenye daftari la duka, nawe utajaza fomu na kukaguliwa ndipo urudishiwe iliyo yako. Mwangalie pia anayejaza. Mwanamume akichagua, akipatana bei na kutoa pesa, halafu mke ndiye anayeandika, ondoka. Kununua kwa niaba ya aliyekatazwa nako ni hadi miaka 15.

Stakabadhi sheria haikudai, mimi nakudai. Andikeni tarehe, aina, namba ya bastola, majina, namba za leseni za udereva na sahihi mbili. Bastola ikiokotwa penye tukio miaka sita baadaye, kituo cha ATF, idara ya serikali kuu inayofuatilia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, kitaanza kwa kiwanda, kiende kwa duka, kisha kwa mnunuzi wa kwanza. Huyo ni wewe, na wapelelezi watabisha kwako.

Kuuza bastola yako mwenyewe si biashara. Kununua na kuuza tena ili upate faida ni biashara inayotaka leseni, na hakuna idadi unayoruhusiwa kabla ya hapo.

Anayehamia nyumbani moja kwa moja asiifiche kwenye kontena la Mombasa, ndani ya gari wala pipa la nguo. Kuisafirisha bila kibali ni kosa hapa, na kuiingiza bila kibali ni kosa Kenya. Maduka mengi ya bunduki yatakununulia. Watakukata bei vibaya, pengine nusu, lakini utatoka na pesa na risiti yao siku hiyo hiyo.