Kuhamia Entebbe: namna ya kuchagua nyumba karibu na ziwa

Mimi ni wa Likoni, Mombasa, nimeolewa Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, tangu 2011. Kila mwaka kuna ndugu ananipigia: "Dada, nataka kuhamia huko ziwani, nianzie wapi?" Jibu langu ni lilelile.

Usije kutafuta nyumba Jumamosi mchana. Jumamosi mchana kila nyumba ya Entebbe inapendeza: maji yametulia, upepo mwanana, nyama inachomwa ufukweni. Njoo katikati ya wiki, mwezi wa Aprili, ulale hata usiku mmoja. Mvua ya Ziwa Victoria hupenda kunyesha usiku wa manane au alfajiri, radi juu ya radi. Asubuhi utajua paa linavuja wapi na kama boda boda inafika mlangoni.

Jioni washa taa ya barazani, usimame uangalie. Zipo siku usubi huinuka ziwani kama moshi wa moto wa majani. Hawaumi, lakini wanafuata mwanga. Mwaka wangu wa kwanza niliacha dirisha la jikoni wazi nikikaanga sato, nikatoka kidogo kumpokea mgeni. Kurudi, mafuta yamekuwa meusi na ukuta kama umemwagiwa ufuta. Samaki wote nilitupa. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi, mwambie mwenye nyumba aweke wavu kila dirisha, na umwone akiuweka. Ahadi haizuii usubi.

Sasa suala la mahali, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Jina la mji linatokana na neno la Kiganda entebe, yaani kiti: inasimuliwa kuwa mkuu aitwaye Mugula alikalia viti vya mwamba hapa akiamua kesi. Mwaka 1893 Gerald Portal akaweka makao ya utawala wa Waingereza papa hapa, na serikali yao ilibaki hapa hadi uhuru wa 1962. Nyumba zao nyingi za zamani ziko juu mlimani, zina mabaraza mapana na miembe mikubwa, na mpaka leo ndizo ningezichagua. Ufuo huu una historia nzito. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale, ugonjwa wa usingizi, yaliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya ziwa, na wengine wakahamishwa kwa nguvu kutoka visiwani.

Na ziwa lenyewe hupanda. Mei 2020 kipimo cha kina cha ziwa kilichoko mjini Jinja kilifika mita 13.42, kikapita hata rekodi ya 1964. Fukwe zetu zilimezwa. Nilimwona mama mmoja akitoa viti vya mgahawa wake kimoja kimoja, maji yakiwa magotini, bila kusema neno. Basi ukionyeshwa nyumba, usimuulize broka; waulize majirani wawili watatu: "Mwaka 2020 maji yalifika wapi?" Watakuonyesha kwa kidole, kwenye ukuta au kwenye mti. Jua pia kwamba sheria inalinda mita 200 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo anayekuuzia kiwanja cha kuoshea miguu ziwani anakuuzia kesi. Ukinunua, uliza kama ardhi ni mailo (ya mtu mwenyewe kwa kudumu), lizi (ya kukodishwa kwa miaka) au kibanja (haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwingine), na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, awepo.

Kampala ni kama kilomita 40. Barabara kuu mpya ni ya haraka lakini inalipiwa. Ya zamani ni bure, ila foleni ya Kajjansi itakula asubuhi yako.

Watoto wasicheze kwenye maji yaliyotuama penye matete, kuna kichocho. Kwa mtu wa pwani hili ni gumu, najua. Pia utakosa maji kujaa na kupwa; miezi mingi nilikuwa naenda kutazama kama ziwa limerudi nyuma. Lakini chuma hakili kutu kama kwetu, na jioni kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, inashuka hadi majini, tumbili juu ya matawi.

Samaki nunua Nakiwogo, mwalo wa wavuvi hapa Entebbe, asubuhi. Funua shavu: likiwa jekundu la kung'aa, uliza "Ssente mmeka?", yaani ni pesa ngapi, kisha omba upunguziwe bei.