Unataka kuangusha mti uani, Dar? Kibali kwanza, chensoo baadaye

Kazi yangu ni kukata miti, Mbagala hadi Tegeta. Simu nyingi huanza hivi: "Fundi, njoo kesho na chensoo, kuna mwembe unatusumbua." Siku hizi naenda mikono mitupu, naangalia tu. Niliwahi kumwamini mteja aliyesema kiwanja ni chake. Mti ulipolala chini, kumbe ni mpangaji, na jirani aliyezoea kupumzika kivulini ameshafika kwa mtendaji. Msumeno wangu ulishikiliwa wiki mbili.

Hatua ya 1: Je, kupogoa hakutoshi?
Mwarobaini na mjohoro hukatwa matawi na kuchipua tena bila shida. Mkungu unaoziba mifereji ya bati, mara nyingi dawa yake ni kupunguza matawi. Mnazi ndio hauna njia ya kati: ukiukata kilele, umeuua.

Hatua ya 2: Mti umesimama wapi, na ni mti gani?
Ukiwa nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, si wako hata kama uliumwagilia mwenyewe tangu mche. Walio pwani, Kunduchi au Mbweni, wasiguse mikoko kabisa. Hiyo ni hifadhi ya serikali. Kando ya Msimbazi na mito mingine, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Mizizi ya miti ya hapo ndiyo inayoshika udongo masika. Na mvule, mninga au mpingo usiukate kabla hujaongea na afisa misitu, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu miti fulani kulindwa hata nje ya misitu ya hifadhi.

Hatua ya 3: Barua
Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaandika "mti unanisumbua" basi. Andika aina ya mti, ulipo, umbali wake kutoka kwenye nyumba, na hatari yenyewe. Mfano: "Naomba kibali cha kukata mwembe mmoja ulioinamia chumba cha watoto; shina lina uwazi wa kuoza upande wa chini na mizizi imeanza kupasua msingi." Ambatisha picha, pamoja na nakala ya hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano. Mpangaji aweke barua ya mwenye nyumba. Mweleze na jirani mapema, hasa kama matawi yamevuka ukuta; akikubali, aandike jina na sahihi yake. Barua ianzie serikali ya mtaa, mtendaji agonge muhuri, ndipo iende kata na halmashauri.

Halmashauri zetu ni tano, na kila moja inaweza kuwa na sheria ndogo zake. Alichoambiwa shemeji yako Temeke usikitegemee ukiwa Ubungo. Uliza ya kwako.

Hatua ya 4: Ukaguzi na malipo
Afisa akija, muonyeshe ufa na uozo wenyewe. Ukitakiwa kulipa ada, omba namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipie benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi.

Hatua ya 5: Siku ya kukata
Mti ukigusa nyaya, TANESCO kwanza. Wazime laini ndipo fundi apande. Tawi bichi linapitisha umeme, na panga lenye mpini wa mbao halikuokoi. Mpe fundi nakala ya kibali akae nayo mfukoni, maana mlio wa chensoo unaita watu. Kama unaweza kuchagua, kata Januari au Februari, kabla udongo haujalainika kwa mvua na mti kuchagua wenyewe pa kuangukia.

Hatua ya 6: Magogo
Kuni za jikoni zibaki nyumbani. Ukitaka kupakia magogo au mbao kwenye gari, ulizia kwanza TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kuhusu hati ya kusafirishia, usije ukasimamishwa njiani. Kisiki kilicho karibu na msingi usikichome moto. Chimba taratibu, mzizi mmoja mmoja.